Priampu Nne na Sauti ya Rodah

Jumatatu, 6 Mei 1996

Mvua imeanza saa tisa kasorobo. Jana pia ilianza saa tisa kasorobo. Laiti mshahara wa karani ungekuwa na saa kama mvua ya Kapkatet! Nimekaa studio nasikiliza mabati. Chini ya mabati haya hakuna kazi ya kurekodi mpaka jioni. Wiki ndiyo kwanza imeanza na mimi nimeshachoka.

Niandike mambo yalivyo, ili siku watu watakapotaka kujua Kipkirui Sound ilianzaje, wasiende kumuuliza Noah wa Roret, ambaye naye anarekodi.

Studio ilikuwa nyumba ya ndama. Nimebandika trei za mayai ukutani na magunia ya chai darini. Harufu ya ndama bado ipo, lakini harufu hairekodiki. Mashine ninayo. Ni ya kaseti, ya treki nne, yaani narekodi sauti nne, kila moja kivyake, halafu nazichanganya. Aliniuzia mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, akaniongezea maiki nne. Priampu hakunipa. Sikujua hata kama kuna kitu hicho. Kumbe maiki peke yake inanong'ona tu, na priampu ndiyo inayouinua ule mnong'ono kabla haujaingia kwenye mashine. Bila priampu, kwaya ya watu ishirini inasikika kama wanawake wawili wanasengenya nyuma ya jiko.

Priampu moja Nairobi ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Nahitaji nne. Ng'ombe tuliye naye ni mmoja, na ni wa Rodah.

Leo Bilhah, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, amenikuta kituo cha chai nikipima majani ya wakulima. Kanisa jipya linafunguliwa Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Wanataka kaseti ichezwe siku hiyo. Akasema amesikia Noah wa Roret ana mashine yenye priampu nne ndani yake, na kwaya inafikiria kwenda huko. Nikamwambia mimi pia ninazo nne. Limetoka lenyewe! Mdomo wangu haujawahi kuniuliza ruhusa.

Nyumbani nikamweleza Rodah. Akaendelea kumenya viazi. Halafu akanikumbusha kwamba nyumba ya ndama alinipa miaka miwili iliyopita kwa sharti moja. Nimrekodi akiimba, kaseti iende Merigi kwa mama yake, ambaye miguu imekataa na hawezi tena kuja kumsikia kanisani. Mimi nilisema wiki hiyo hiyo. Sasa Chelel, ng'ombe wake, atazaa baada ya wiki mbili. "Baba Chepngeno," akasema, "sauti yangu isipofika Merigi kabla Chelel azae, ndama ataingia kwake na hiyo mashini yako itatoka." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua la kujibu.

Lakini Rodah anaimba alto katika kwaya hiyo hiyo. Kaseti moja, na ninamalizana na Bilhah na Rodah pamoja. Mimi si mjinga.

Jumatano, 8 Mei 1996

Nimeenda kwa Ratemo, fundi wa redio, kibanda kilicho karibu na hospitali. Ratemo ni mtu mmoja ambaye huwezi kujua anakusikiliza wewe au anasikiliza redio aliyoifungua tumbo. Nikamwonyesha picha ya priampu kwenye kitabu cha mashine. Akaitazama kama daktari. Akasema hiyo si kitu, ni transista mbili tatu tu, na yeye ana debe zima la redio zilizokufa. Betri mbili za tochi kwa kila moja, na bei yake ni ya kibinadamu.

Ila kuna jambo moja. Priampu lazima ikae ndani ya bati, pande zote, na kifuniko juu. Akanyanyua kidole chenye risasi ya kulehemu. "Mwalimu, hii kitu bila bati itashika kila kitu iko hewani." Huniita mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha. Nikamwambia bati si shida.

Nimerudi nyumbani nikachukua mikebe minne ya mafuta ya kupikia kutoka rafu ya Rodah. Mmoja ulikuwa na majani ya chai, wa pili chumvi, wa tatu mbegu za sukuma, wa nne vifungo. Nikavimimina vyote katika sufuria moja, kwa muda tu.

Jioni tumekunywa chai yenye chumvi. Kifungo kimoja kilikuwa cha shati langu nililolitafuta tangu Krismasi. Nilimwonyesha Rodah. Hakufurahi.

Ijumaa, 10 Mei 1996

Nimekwenda Roret kumpeleleza Noah. Nilisema napita tu kusalimia.

Noah ni rika langu. Tulipashwa tohara siku moja na tukakaa menjo moja, kile kibanda cha waliotahiriwa, tukila kutoka bakuli moja, meno yakigongana kwa baridi. Kwa desturi yetu, mtu na rika lake hawanyimani kitu, na siwezi kumsema vibaya mbele ya watu. Ndiyo sababu nina shajara.

Studio yake iko nyuma ya duka lake la picha. Ana zulia! Mashine imekaa mezani, na priampu zake nne zimejipanga, kila moja na kifundo chake na taa ndogo ya kijani. Nilikizungusha kimoja. Kilizunguka laini kama kimepakwa siagi. Moyo uliniuma, sitaki kusema uongo humu.

Noah akaniona nikizungusha. Akasema kama nina kazi ya kwaya, nichukue mashine yote, nikae nayo wiki nzima, nirudishe nikimaliza. Hakutaja malipo. Alisema hivyo huku akimimina mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kana kwamba ananipa kiti.

Na hapo ndipo ulipo ubaya wa Noah. Nikichukua, siku ya kufungua kanisa itabidi nisimame na kusema asante Noah wa Roret. Mbele ya Bilhah. Mbele ya mwenyekiti wa kituo cha chai. Nikamwambia asijisumbue, mimi ninazo nane. Akauliza nane za aina gani. Nikasema za Kijerumani. Akafurahi kweli, akasema Ijumaa ijayo lazima aje azione. Huwezi kumkataza rika kuja kwako.

Nimetembea kurudi mpaka viatu vikajaa tope. Ratemo si Mjerumani.

Jumamosi, 11 Mei 1996

Priampu zimekwisha! Nne. Kila moja ina nyaya kama utumbo wa kuku, lakini zinafanya kazi. Ratemo amezilehemu ndani ya mikebe, vifuniko na vyote.

Furaha ilidumu mpaka saa nne. Rodah alikuja studio na kisu, akafungua mkebe mmoja baada ya mwingine, akanipa utumbo mkononi na kuondoka na mikebe yake. Nilimweleza kuhusu hewa na vitu vilivyomo hewani. Akasema chumvi yake pia inashika hewa.

Nikatafakari. Mtu mwenye akili hakwami kwa mkebe. Jirani alikuwa na vibakuli vinne vya plastiki, vya siagi ya mkate, visafi, vyenye vifuniko vinavyobana. Priampu zimeingia kama zimepimiwa. Tena plastiki haishiki kutu. Nashangaa Ratemo hakufikiria hivyo.

Nimejaribu kwa waya mfupi, ndani ya studio. Moja, mbili, tatu. Nikasikiliza. Sauti yangu, nene, safi, kama ya mtangazaji! Nikairudia mara sita. Rodah alipita na majani ya Chelel, nikamwita asikie. Akauliza kama hiyo ndiyo ile kaseti ya Merigi. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya kujaribu tu. Akasema miaka miwili mimi najaribu tu.

Jumanne, 14 Mei 1996

Siku ya kurekodi. Nina uchovu wa mtu aliyejenga reli.

Tatizo la kwaya ya hapa ni kwamba asubuhi wote wako shambani wanachuma chai, na saa tisa kasorobo mvua inakalia mabati. Kuna nafasi moja tu, kati ya kupima chai na kunyesha. Nikaamua waimbe pale pale katika kibanda cha kituo, wakisubiri lori. Ni hatua arobaini kutoka studio yangu. Mtu mwingine angebeba mashine akaipeleka kituoni. Lakini studio ni studio. Mhandisi hakai na waimbaji. Nikapitisha nyaya nne kutoka kituoni mpaka kwangu, nimezifunga juu ya ua wa seng'enge, hatua arobaini zote.

Saa nane na robo walikuwa tayari, vikapu vya chai miguuni. Soprano maiki ya kwanza na Bilhah mbele yao, maana solo ni yake. Alto ya pili, Rodah na wenzake saba. Wanaume wa sauti ya tena maiki ya tatu, ambapo yumo mzee wa kanisa. Besi ya nne, ambapo yumo mwenyekiti wa kituo, yaani mkubwa wangu. Vibakuli vyangu vinne kwenye benchi. Mtu mmoja aliuliza kama ni chakula cha mchana.

Nikakimbia kurudi studio. Vipokea sauti vya masikioni vilikufa mwaka jana, kwa hiyo nilitazama sindano za mashine. Sindano zilicheza! Nikapeperusha kitambaa dirishani, wakaanza. Waliimba nyimbo tano bila kusimama. Kulikuwa na jambo la ajabu. Hata waliponyamaza kati ya wimbo na wimbo, sindano ziliendelea kucheza. Nikaelewa kwamba hizi priampu zina nguvu kupita kiasi. Nimempuuza sana Ratemo.

Tone la kwanza liligonga bati wakati wa amina ya mwisho. Bilhah alikuja mbio kwa furaha. Rodah naye alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama ameingia kwenye kaseti. Nikamwambia ameingia vizuri sana. Alitabasamu! Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 16 Mei 1996

Mungu wangu.

Nimesikiliza. Wimbo wa kwanza mzuri. Wimbo wa pili, ubeti wa pili, wakati kwaya inapumua, anaingia mwanamume. Si wa kwaya yetu. Anasema kwa masikitiko kwamba inatangazwa kifo cha mzee Mogaka wa Nyamira, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kisha kwaya inajibu kwa vigelegele.

Ni redio! Ni matangazo ya vifo ya mchana. Nyaya zangu za hatua arobaini zimeshika matangazo yote. Nilimkimbilia Ratemo. Aliniuliza swali moja tu, mikebe iko wapi. Nikamwambia. Akarudi kwenye redio yake. Ukimya wa fundi ni mchungu kuliko matusi.

Treki ya alto ndiyo mbaya zaidi. Humo mtangazaji yuko mbele kabisa, alto wako nyuma yake kama wafiwa. Kwenye zile nyingine tatu yuko kwa mbali, unaweza kudhani ni inzi.

Mpango. Nifute alto, irekodiwe upya, ndani ya studio, kwa waya mfupi. Alto wote wako shambani, ila mmoja anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Rodah alikuja na mikono yenye maji. Akavua gumbuti. Nikamchezea kwaya kwa spika ndogo, kwa chini, akafumba macho, akaimba nyimbo zote tano peke yake.

Nitaandika hili halafu nitaendelea na mengine. Nimeoa miaka kumi na saba. Kila Jumapili nimemsikia Rodah katikati ya wenzake saba, na sikujua ipi ni yake. Leo ilikuwa peke yake. Ilikuwa imetulia, na ina mkwaruzo kidogo pale inaposhuka, kama mtu anayekumbuka jambo. Sikuweza kutazama sindano. Nikasahau hata kuangalia kaseti imebaki kiasi gani.

Alipomaliza akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia kipimo kilikuwa kizuri. Akaniuliza kipimo cha nini. Nikasema cha sindano. Akavaa gumbuti.

Amemtumia mama yake habari kupitia kwa jirani anayekwenda sokoni Merigi. Mama mkwe analetwa Jumapili kwa gari la kubeba maziwa. Anakuja kumsikia mtoto wake.

Ijumaa, 17 Mei 1996

Noah alikuja, kama alivyoahidi. Ameleta ndizi. Aliuliza ziko wapi zile nane za Kijerumani. Nikasema nne ziko kwenye matengenezo. Akaviangalia vibakuli vya siagi kwa muda mrefu. Hakucheka. Noah hacheki, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nikamchezea kaseti. Ilipoingia alto alinyanyua mkono nisiseme. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema katika kazi yake yote hajasikia alto kama hiyo, ni nani. Nikasema ni mtu tu wa kwaya. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka ajue kitu ambacho mimi mwenyewe nimekijua jana.

Halafu akasema kuna mtu anaongea nyuma ya tena na besi. Akanipa tena mashine yake, kesho, bure, turudie kila kitu. Nikakataa. Basi akanipa ushauri, kwamba nipandishe ile alto juu, kwa kuwa ndiyo treki safi, nayo itamfunika yule mtu anayeongea. Nikamshukuru nikamsindikiza mpaka barabarani.

Hakufika mbali, Bilhah akaja. Ana mambo mawili. Kwanza, solo yake isikike juu ya wote. Pili, wamesahau kayamba. Kwaya gani haina kayamba? Nikamweleza treki ni nne na zote zimejaa. Akasema ile ya Noah ingetosha.

Jumamosi, 18 Mei 1996

Sikulala vizuri. Chelel naye anahema zizini, amevimba kiwele. Wote wawili tunasubiri.

Kayamba lazima iingie. Na mimi nina jambo langu dogo, utangulizi, maneno machache tu kwa sauti nene: kaseti hii imeletwa kwenu na Kipkirui Sound, Kapkatet, priampu nne. Kila kaseti inayouzwa ina utangulizi. Kwa hiyo nahitaji treki moja.

Noah alisema jana tukiwa barabarani kwamba tena na besi zinaweza kuunganishwa katika treki moja, na nyingine ikabaki wazi. Inawezekana. Kitabu cha mashine kinasema hivyo hivyo. Lakini nikifanya hivyo, kila nitakapoisikia nitajua ni akili ya Noah.

Basi nikapima. Soprano siwezi kugusa, kuna Bilhah. Tena siwezi, kuna mzee wa kanisa. Besi siwezi, kuna mwenyekiti, na ndiye anayeandika ripoti yangu. Imebaki alto. Alto ni Rodah peke yake, na Rodah ni mtu wangu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anaelewa. Nitamrekodi tena wiki ijayo, kwa nafasi, kwa utulivu. Hata vizuri zaidi.

Nimefuta. Nimepiga kayamba mwenyewe, nyimbo zote tano, mkono umekufa ganzi. Utangulizi nimeurudia mara kumi na moja. Umetoka safi sana, sauti ya mtu mwenye kampuni.

Rodah alinipitishia chai dirishani. Akauliza kama namalizia. Nikasema namalizia.

Jumapili, 19 Mei 1996

Niandike kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama mkwe alikaa mbele, kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, Rodah kando yake amemshika mkono. Kaseti ikawekwa kwenye amplifaya ya kanisa. Utangulizi wangu ukatoka katika spika za pembe na kusikika mpaka hospitali. Niliona vichwa vikigeuka kunitafuta. Dakika hiyo moja nilikuwa mtu.

Wimbo wa kwanza. Kayamba ikawaka. Mama mkwe akainamisha kichwa akitega sikio. Rodah naye akatega. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Wimbo wa pili, ubeti wa pili. Nilikuwa nimesahau kwamba alto ndiyo iliyokuwa inamfunika yule mtu. Sasa hakuna kilichomfunika. Spika za pembe zikampokea vizuri kuliko zilivyoipokea kwaya: inatangazwa kwa masikitiko kifo cha mzee Mogaka wa Nyamira.

Na kanisa zima likanyamaza.

Asiye wa huku hataelewa. Kila nyumba hapa, redio ikifika matangazo ya vifo, kijiko kinasimama, mtoto anafungwa mdomo, hata kama hujui marehemu. Ni mazoea ya maisha yote. Watu mia tatu wakanyamaza. Kisha, maana kwaya ilikuwa inaimba juu ya marehemu, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hao waimbaji wanyamaze kidogo, tusikie ni nani." Wengine wakaitikia. Kwaya ya kwenye kaseti haikunyamaza. Bilhah alikuwa ameshika mdomo. Mchungaji akaagiza kaseti irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Mara tatu! Watu wakasikia yote: Mogaka, Nyamira, ameacha wajane na wajukuu, atazikwa Jumanne tarehe ishirini na moja.

Mama mmoja akapiga ukelele kutoka upande wa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Ni Phanice. Mzee Mogaka ni baba yake mdogo. Yeye huchuma chai mchana kutwa na hana redio, na habari ilikuwa haijamfikia. Akabebwa mbele, akaombewa. Sahani ikapitishwa ili apate nauli ya kwenda kumzika mzee wake. Mchungaji akasema Mungu hutumia vyombo vya ajabu. Akanitaja jina. Phanice akanishika mikono yote miwili na kulia juu yake.

Watu wamenipongeza mpaka nikachoka. Mwenyekiti amesema ni huduma. Hakuna aliyesikiliza nyimbo tatu zilizobaki, na Bilhah hajanisemesha.

Nje, mama mkwe alipandishwa kwenye gari la maziwa. Alimuuliza Rodah, kwa Kipsigis, polepole kama wazee wanavyouliza, kwamba sauti yake ilikuwa wapi, maana yeye amesikiliza sana na masikio yake bado ni mazima. Rodah alimwambia ilikuwemo, mama, ni spika mbaya.

Hakuniangalia. Njiani alitangulia mbele. Nilimwambia watu wamefurahi. Nilimwambia kuhusu Phanice. Tulipofika akaenda kukamua.

Jumanne, 21 Mei 1996

Chelel amezaa. Ndama jike, mweusi, ana nguvu.

Rodah hakuuliza. Alibeba mashine akaiweka chini ya kitanda. Alibeba maiki, nyaya, vibakuli. Trei za mayai aliziacha ukutani, akasema zinazuia baridi. Nilisimama uani nikimtazama, na sikupata hata uongo mmoja wa kumwambia. Nilimwambia ukweli, kwamba nilimfuta ili niingize kayamba na utangulizi. Akasema anajua. Alijua tangu wimbo wa kwanza. "Mimi najua sauti yangu, Baba Chepngeno. Ni wewe ndiyo hujui."

Imeniingia. Nimekaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Jumamosi, 25 Mei 1996

Rodah alikwenda Roret Alhamisi, kumbe. Alimwambia Noah kila kitu. Noah alimrekodi nyimbo nane, na hakuchukua kitu, akasema mke wa rika ni mtu wake pia. Leo ameitoa kaseti ndani ya leso. Jumatatu anaipeleka Merigi.

Aliiweka kwenye redio yetu wakati wa chakula. Sauti yake yote imo, hata ule mkwaruzo. Anavuta pumzi, na unaisikia pumzi. Chepngeno, binti yetu, alitoka chumbani akasimama na daftari mkononi. Nililia, na sikuficha. Nikamwambia Rodah ni nzuri. Nilisema neno hilo hilo, nzuri, sikusema kipimo. Akaniongezea ugali.

Nimekuwa mtu mwingine. Naandika hapa, nisije nikakana.

Jumapili, 26 Mei 1996

Rodah yuko kanisani. Mimi nimebaki kumwangalia ndama.

Nimewaza sana. Kosa halikuwa mimi. Kosa lilikuwa plastiki. Jana jioni Ratemo alinipitishia priampu mpya, moja, ya majaribio, ndani ya bati halisi, pande zote, na kifuniko kimelehemiwa. Anasema inazidi za Noah. Ikifanya kazi atanitengenezea nane. Jikoni kuna nafasi nzuri kando ya kabati, kuta ni nene, Rodah hataona tofauti.

Nimetoa mashine chini ya kitanda. Kinachokosekana ni kaseti ya kujaribia. Zangu zote zimepata unyevu. Iliyo kavu ni moja tu, hii ya kwenye leso. Noah amevunja vile vimeno viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake, lakini hilo ni jambo dogo, nimeziba matundu yake kwa karatasi.

Nitasema moja, mbili, tatu tu, pale mwanzo kabisa. Sauti ya Rodah inaanza mbele kidogo. Nadhani.